Tuta la mto linajengwa Kyela na mvua ndo hizi zimefika, likibomoka hasara ni ya nani?

Mpunga_na_Kakao aliandika:

Wakuu habari za saa hizi. Naomba mainjinia, watu wa manunuzi na yeyote aliyewahi kusimamia mradi wa mto anisaidie, mimi ni mkulima tu wa mpunga na kakao ila kijiji kimenichagua niwe kwenye kamati ya kufuatilia mradi na sasaivi silali vizuri.

Huku kwetu Kyela mnapajua. Mvua zetu ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na hazikatiki mapema kama za Iringa, Aprili ndo zinachanganya kabisa na Mei bado inanyesha. Maji yanatoka juu huko Mlima Rungwe wenye mita 2,900 na ushee, Ziwa Nyasa liko mita mia nne sabini na kitu, kwaiyo mito kama Kiwira na Mbaka inashuka mteremko mkali kwa kasi alafu ikifika kwetu kwenye tambarare inapoa, inamwaga mchanga wote, kina kinajaa na maji yanaanza kutafuta njia mashambani. Mwaka 2024 mwezi wa nne wengi mliona picha, mpunga ulikuwa umeshabeba masuke ukalala chini ya maji.

Sasa tumepata mradi wa serikali, tuta la kama mita 1,400 na gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) kwenye kona ya mto. Tulishukuru sana. Mkataba ni miezi 8, umesainiwa mwisho wa Septemba, mkandarasi kakabidhiwa saiti katikati ya Oktoba, kaleta eskaveta moja na tipa mbili. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuliondoa lile tuta la zamani walilojenga wazee wetu kwa majembe, anasema ni bovu lazima aanze na udongo mpya. Kaondoa kama mita 300. Leo ni katikati ya Novemba, hizo mita 300 ni uwazi mtupu na mvua za kwanza zimeshadondoka.

Juzi kwenye kikao nikauliza, je maji yakija kabla hujaziba? Akajibu mvua ni mipango ya Mungu, ikibomoa serikali italipa. Nikamfata mtu wa upande wa mwajiri (yaani serikali yenye mradi), akasema hapana, mkandarasi ana bima, hasara yote ni yake. Kila mmoja anamsukumia mwenzake na kwenye hiyo hesabu yao sijasikia mtu akitaja mashamba yetu.

Niongeze na hili. Kuna mradi mwingine wa gabioni ulifanyika miaka kadhaa nyuma, simtaji mtu. Ulikabidhiwa mwezi wa sita, kipindi cha matazamio (muda wa mkandarasi kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi) kilikuwa miezi 6, kikaisha Desemba mto ukiwa bado mdogo kabisa, mkandarasi akachukua hela yake iliyokuwa imezuiliwa akaondoka. Machi maji yalipokuja gabioni zikakaa chini, mbili zikapinduka. Hakuna wa kumuuliza.

Maswali yangu: kisheria na kimkataba nani anabeba? Sisi kama kijiji tufanye nini kabla mvua hazijachanganya? Na mradi ujao tuombe kitu gani kiwe tofauti?

Injinia_Rujewa alijibu:

Mkuu pole sana, na niseme ukweli hilo pengo la mita 300 limenishtua kuliko swali la nani analipa. Tuanze na hilo.

Tuta lililofunguliwa nusu ni hatari kuliko kutokuwa na tuta kabisa. Kama hakuna tuta maji yanapanda taratibu na kusambaa kila mahali kwa kina kidogo. Ukishakuwa na tuta alafu ukaacha mlango, maji yote yanajikusanya yapite hapo kwa nguvu, yanachimba shimo, yanakwenda kwenye shamba moja kwa kasi, na mto unaweza kuamua kuhamia huko moja kwa moja. Nimefanya kazi za mabanio ya umwagiliaji Usangu, tumewahi kupoteza wiki 3 za kazi usiku mmoja kwa sababu ya uwazi wa mita 40 tu ambao kila mtu alisema "kesho tutaziba".

Kwaiyo fanyeni hivi, na fanyeni kwa maandishi, sio kwa kuongea kikaoni. Mtendaji wa kijiji aandike barua kwa meneja wa mradi, nakala kwa mkurugenzi na kwa ofisi ya maji ya bonde (nyie mko Bonde la Ziwa Nyasa), aombe mpango wa mkandarasi wa kuvuka msimu wa mvua. Muulize vitu vya kueleweka: pengo litafungwa lini na kwa urefu gani wa kwenda juu, kama haliwezi kufungwa je atajenga tuta la muda kwa nyuma, mashine itabaki saiti usiku na wikiendi au inaondoka, viroba vya mchanga na mawe ya akiba viko wapi, na nani ana mamlaka ya kusema leo tunasimamisha kazi tunaziba. Na sharti moja kubwa, asifungue mita nyingine yoyote ya tuta la zamani mpaka alichofungua kifungwe. Kwenye kazi za mto huwa tunasema fungua unachoweza kufunga ndani ya siku ambazo utabiri unakuonesha, basi.

Sasa nani anabeba. Mkataba wenu sijauona ila mikataba mingi ya ujenzi wa umma inafuata mantiki inayofanana. Mpaka siku ya makabidhiano kazi iko mikononi mwa mkandarasi, ikiharibika anairudia yeye, isipokuwa kwa yale mambo ambayo mkataba umeyaweka upande wa mwajiri, mfano usanifu wa mwajiri ukiwa na makosa. Mvua ya kawaida ya msimu haiwi janga lisilotarajiwa. Mtu aliyejaza bei ya kujenga tuta Kyela alijua kuna masika, na kama hakujua alitakiwa ajue. Mvua ikizidi sana kipimo cha kawaida, mara nyingi anapewa muda wa nyongeza, hela hapewi. Kwaiyo "serikali italipa" sio jibu.

Lakini na huyo wa mwajiri anayesema bima ipo asilale. Bima za ujenzi nyingi zina sharti kwamba mwenye kazi awe amechukua tahadhari za mafuriko kulingana na takwimu za mvua za eneo husika. Mkandarasi aliyeacha uwazi wa mita 300 mwezi wa kumi na moja, kampuni ya bima itauliza kwanini, na inaweza isilipe chochote. Ombeni kamati ionyeshwe hiyo bima, muangalie inaanza lini inaisha lini na mafuriko yametajwaje.

Kingine watu wengi wanachanganya ni haya maneno "mafuriko ya miaka 10". Haimaanishi yakija mwaka huu basi tunapumzika miaka 10. Inamaanisha kila mwaka kuna nafasi ya asilimia 10 ya kufika kiwango hicho au kukipita. Kazi yako ikikaa wazi misimu miwili ya mvua nafasi inakuwa asilimia 19. Na kama tuta la muda umelijenga kwa kiwango cha miaka 5, msimu mmoja ni asilimia 20, misimu miwili ni 36. Yaani zaidi ya mara moja katika tatu. Na hata tuta la kudumu la kiwango cha miaka 100 ambalo watu wanalionaga kama ngome, ndani ya miaka 30 lina nafasi kama asilimia 26 ya kukutana na maji makubwa kuliko lilivyosanifiwa. Ndo maana hata baada ya kujenga lazima mjue njia ya kukimbilia.

La mwisho kwa leo, kalenda. Hapa ndipo miradi yetu inapofia na inaniuma maana inajirudia kila mwaka. Mwaka wa fedha unaanza Julai, hela inatoka, zabuni inatangazwa, tathmini, rufaa, mkataba, unakuta mtu anaingia saiti Oktoba au Novemba. Kiangazi chote kimeishia mezani. Kwa Kyela dirisha la kufanya kazi ya udongo mtoni ni Julai mpaka Oktoba. Waholanzi walipoteza watu 1,836 mwaka 1953 bahari ilipovunja matuta, na hadi leo kwao kuanzia katikati ya Oktoba mpaka Aprili huruhusiwi kuchimba kwenye tuta kubwa la bahari hivihivi, ni msimu uliofungwa. Wana hela na mashine za kila aina, bado wanaheshimu kalenda. Sisi tungeweza kuandika sharti kama hilo kwenye mkataba kwa mstari mmoja tu: kuanzia tarehe 1 Novemba hakuna kufungua tuta lililopo.

QS_Uyole alijibu:

Injinia kamaliza upande wa maji, mimi niongee upande wa hela maana ndo kazi yangu, QS ni mkadiriaji wa gharama za ujenzi.

Wengi kwenye bajeti wanaweka asilimia 10 ya dharura kwa kila mradi, iwe choo cha shule au tuta la mto, bila kukaa kujiuliza dharura gani. Daftari la vihatarishi linajazwa ili faili likamilike, "mvua: kati", "wizi wa vifaa: kati", alafu linafungwa. Hatari zikikaa kwenye daftari bila jina la mtu, bila tarehe na bila hela pembeni yake hilo daftari halimlindi mtu yeyote.

Niwape mfano wa hesabu, namba ni za kubuni ili tuelewane tu. Chukulia kurudia hilo pengo likibomolewa ni milioni 150. Kwa hali ilivyo nafasi ya maji kufika msimu huu ni asilimia 20. Hasara ya kutegemea ni milioni 30. Mtu anakuja anasema tujenge tuta la muda kwa milioni 18, nafasi itashuka mpaka asilimia 10. Hasara inayobaki ni milioni 15, jumlisha 18 ni 33. Mkandarasi akipiga hiyo hesabu anaona 33 ni kubwa kuliko 30, anaacha, bora abahatishe. Na kwa mfuko wake yuko sahihi kabisa.

Sasa weka na mpunga wa watu nyuma ya tuta, tuseme milioni 200. Jumla ya kinachoweza kupotea ni 350. Asilimia 20 yake ni 70. Ukijenga la muda, asilimia 10 ni 35 jumlisha 18 unapata 53. Sasa tuta la muda linalipa vizuri sana. Jibu limegeuka kwa sababu tu mkulima ameingizwa kwenye hesabu. Hii ndo sababu kazi za kuvuka msimu wa mvua usimwachie mkandarasi aamue mwenyewe ndani ya bei yake, ziwekwe kwenye BOQ (orodha ya kazi na bei zake) kama kipengele kinachojitegemea, mwajiri alipie, na mkandarasi alipwe akishajenga kweli. Kumtupia mkandarasi kila hatari kunaonekana kama umeokoa hela ya serikali ila kinachotokea ni mawili, wenye uzoefu wanapandisha bei, na anayeshinda ni yule ambaye hakuiona hatari. Huyo wa pili ndo anayekimbia saiti Februari.

Na tusiwaonee wakandarasi tu. Mwajiri kuchelewesha malipo ni kihatarishi kikubwa kuliko mto. Cheti (hati ya kazi iliyofanyika ambayo mkandarasi anadaia malipo) kikikaa miezi mitatu bila kulipwa mafuta ya eskaveta yanatoka wapi? Mashine inaegeshwa, pengo linabaki. Mkandarasi mzawa mwenye mtaji mdogo hawezi kubeba hilo. Ulizeni cheti cha kwanza kimelipwa?

Kuhusu gabioni zenu za zamani, hapo kosa lilikuwa kwenye tarehe. Matazamio ya mradi wa mafuriko lazima yapite ndani ya masika nzima mpaka maji yashuke, sio kuhesabu miezi tu. Kabidhi ikiwa Juni basi miezi 12, na ukaguzi wa mwisho ufanyike baada ya mto kushuka wakati unaona mguu wa gabioni. Miezi 6 kuanzia Juni ni kulipima koti la mvua jua likiwaka.

Mwisho angalieni dhamana ya malipo ya awali (inayolinda hela aliyotangulizwa mkandarasi, ambayo hukatwa kidogokidogo kwenye vyeti vyake) na dhamana ya utendaji (inayomlinda mwajiri mkandarasi akishindwa kazi) zinaisha lini. Andika hapa tarehe ukizipata.

Mama_wa_Pawaga alijibu:

Kamwene wanangu. Mimi si msomi wa mikataba ila Pawaga tunalima mpunga wa mfereji na maji tunayajua. Nimekaa kamati miaka mingi nikuambie vitu vya kuangalia kwa macho yako mwanangu, havihitaji shahada.

Angalia udongo anautoa wapi. Kwetu mmoja alichimba udongo palepale miguuni mwa tuta maana tipa isiende mbali aokoe mafuta, tuta likapanda vizuri linapendeza, pembeni yake mtaro mrefu. Maji yalipokuja hayakupita juu, yalipita chini yakatokea kwenye ule mtaro yanabubujika kama chemchemi. Tukafikiri ni maji masafi tu, kumbe yalikuwa yanatoka na mchanga. Asubuhi tuta limekaa chini.

Angalia kama wanatoa majani na mizizi kabla ya kumwaga udongo. Angalia wanamwaga udongo mwingi kwa mara moja au kidogokidogo wakishindilia. Angalia wananyeshea maji au wanashindilia vumbi. Na pale bomba la kalvati linapopita ndani ya tuta simameni hapohapo siku hiyo yote, msiende kunywa chai, maana pembeni ya bomba roli haifiki na wanajaza kwa koleo. Na ng'ombe, wekeni njia yao ya kuvukia kabisa la sivyo watajichagulia.

Injinia_Rujewa alijibu:

Shikamoo mama, umesema yote. Niweke vipimo tu kwenye maneno yako: udongo umwagwe tabaka la sentimita 20 hadi 30, ushindiliwe ndo tabaka lingine lije, unyevu uwe wa kipimo (udongo ukifinyanga mkononi ushikane bila kutoa maji) na maabara ipime, mara nyingi ushindiliaji unatakiwa ufike asilimia 95 ya msongamano wa juu uliopatikana maabara. Kamati ina haki ya kuomba kuona karatasi za majibu, na muulize ni tabaka la ngapi na mita ya ngapi. Karatasi isiyosema imepimwa wapi haina maana.

Na hayo maji yanayobubujika na mchanga ni kati ya wauaji wakubwa wa matuta duniani, na udongo wa chini ukiwa mbovu nao unaua. Mwaka 2005 kule New Orleans, Marekani, baadhi ya kuta za mifereji zilianguka maji yakiwa bado hayajafika juu ya ukuta. Udongo wa chini ulikuwa laini, ukateleza na ukuta ukaenda nao. Ukuta ulikuwa na urefu wa kutosha, tatizo lilikuwa pale ulipokaa. Kwaiyo ukisikia mtu anapunguza hela ya kuchoronga na kupima udongo ili aongeze mita za tuta, kataeni.

Mkiona chemchemi nyuma ya tuta msiizibe kwa kushindilia udongo juu, itatokea pengine kwa nguvu zaidi. Izungushieni viroba vya mchanga kama kisima, maji yapande ndani ya hicho kisima mpaka yaache kubeba mchanga. Yakitoka masafi mmepata muda. Alafu piga simu.

Kijana_wa_Tunduma alijibu:

Wakuu samahani natofautiana kidogo. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka mtoni hakuna shughuli za kudumu. Watu wamelima mpaka kwenye maji alafu tunatumia kodi kuwajengea tuta. Si bora hiyo hela iwahamishe? Na huko mto Songwe ukijenga upande wetu maji yanaenda kwa wenzetu wa Malawi, nao wakijenga yanarudi kwetu, mwisho wake nini.

Injinia_Rujewa alijibu:

Kijana hoja yako nusu nakubaliana nayo. Tuta likikaa ukingoni kabisa unaubana mto, maji yanapanda juu zaidi na kasi inaongezeka, na kona ya mto ikila ukingo tuta linaondoka nalo. Tuta likirudi nyuma mto unapata nafasi ya kutanuka na tuta lenyewe linakuwa fupi na la bei nafuu. Waholanzi haohao baada ya karne za kupandisha matuta waliamua kwenye maeneo zaidi ya 30 kuurudishia mto nafasi yake, sehemu nyingine walisogeza tuta nyuma.

Ila kurudi nyuma maana yake kuna mashamba yanabaki upande wa mto, na kakao ni mti wa miaka, unahesabiwa mmoja mmoja kwenye fidia. Hiyo fidia isipolipwa kabla mkandarasi hajaingia utaona mzee amesimama mbele ya eskaveta na yuko sahihi. Fidia isiyolipwa ni kihatarishi cha mradi kama ilivyo mvua. Inatakiwa imalizwe mwaka wa fedha mmoja kabla, pamoja na usanifu na vibali vya bonde na vya mazingira, ili Julai mtu aingie na mashine.

Songwe nayo ndo maana kuna tume ya pamoja ya bonde kati ya Tanzania na Malawi. Ule mto unahama na ndo mpaka wa nchi, huwezi kujenga upande mmoja kimyakimya.

Mpunga_na_Kakao alijibu:

Kijana wa Tunduma nakuelewa, ila mimi baba yangu na babu yangu wamezikwa hapa, na mpunga wa Kyela mnaokula mjini unatoka kwenye hayohayo maji. Hatukatai kurudi nyuma, tunaomba tuhesabiwe.

Mama wa Pawaga ndaga fijo mama yangu, nimeyaandika yote kwenye daftari la kamati. Na nimetembea leo tuta zima, kuna sehemu mbili anachimba udongo karibu sana na mguu wa tuta, hatua kama 8 tu. Nimepiga picha.

Mpunga_na_Kakao alirudi baada ya siku 9:

Wakuu naleta mrejesho.

Barua ilienda siku ileile, mtendaji aliogopa kidogo ila mwenyekiti akasaini. Nakala ya bonde ndo iliyofanya kazi, siku ya nne alikuja mtu wao pamoja na meneja wa mradi na mshauri mwelekezi. Mkandarasi akaletwa mezani. Nikauliza kuhusu cheti cha kwanza kama QS alivyosema, kumbe kweli hajalipwa tangu alipowasilisha, na eskaveta ni ya kukodi, mwenye nayo alikuwa anataka kuiondoa Ijumaa. Hapo nilimwonea huruma kwa kweli, jamaa alikuwa hasemi kwa aibu. Kama tusingeuliza mashine ingeondoka na pengo lingebaki hivyohivyo hadi Mei.

Walichokubaliana, na kimeandikwa: hakuna kufungua mita nyingine hata moja mpaka Juni. Pengo lijazwe kwa tabaka mpaka urefu wa tuta la zamani kwanza, hayo mengine ya kunyanyua na kupanda nyasi yasubiri kiangazi. Mwajiri analipia viroba na mawe kama kazi ya ziada, cheti kisukumwe. Kuchimba udongo miguuni kumesimamishwa, ananunua moramu juu ya kilima, na mashimo yale mawili anayafukia kwa kushindilia.

Mpaka jana jioni kati ya mita 300 zimefungwa 210. Zilizobaki 90 ndo pale penye kona, udongo umelowa hauwezi kushindiliwa, injinia wa mshauri kakataa usimwagwe mpaka ukauke siku mbili, mkandarasi anataka amwage hivyohivyo amalize. Kamati tumesimama na injinia. Kwa sasa pale tumepanga viroba mistari mitatu, vijana 12 wamegawana zamu za usiku, na nina namba ya shemeji yangu yuko juu karibu na Tukuyu, mvua kubwa ikianza huko ananipigia. Mara mbili ameshapiga, nimeanza kuandika saa aliyopiga na saa maji yalipopanda kwenye kijiti tulichochomeka mtoni, ili tujue tuna muda gani.

QS, dhamana nimezipata. Ya utendaji inaisha 31 Machi. Ya malipo ya awali inaisha 28 Februari na bado hajakatwa hata shilingi maana hakuna cheti kilicholipwa. Mkataba wenyewe unaisha Mei. Hiyo imekaaje?

QS_Uyole alijibu:

Imekaa vibaya. Machi 31 ni kabla ya Aprili yenu, maana yake mto ukiwa kwenye kilele mwajiri hana kitu mkononi, na ile ya Februari ikipita malipo ya awali yote yanakuwa hayana ulinzi. Mwambie mtendaji aandike barua nyingine leo, sio wiki ijayo, meneja wa mradi adai nyongeza ya zote mbili sasa hivi wakati mkandarasi bado anahitaji saini yao kwenye cheti. Ya awali idumu mpaka hela yote irudi. Ya utendaji ivuke tarehe ya kumaliza kazi, na kwa kuwa kunyanyua tuta kumesogezwa hadi kiangazi lazima mkataba wenyewe uongezwe muda kwanza ndipo dhamana ifate hiyo tarehe mpya. Hilo la nyongeza ya muda liko kwenye muhtasari wa kikao? Kama halipo wakubali kuliandika kabla hamjaondoka kwenye kikao kijacho.

Na hizo mita 90 injinia akikataa udongo wa maji muungeni mkono hivyohivyo.

Mpunga_na_Kakao alijibu:

Kwenye muhtasari halipo. Nampelekea mtendaji saa hizi, yuko ofisini mpaka saa kumi.